Sahani ya Klachi Niliyoitupa Chooni

Nina tabia ya kunawa mikono ambayo nyumbani wameichoka. Nanawa kabla ya kushika spana, nanawa baada ya kushika spana, na katikati naifuta spana yenyewe kwa kitambaa. Mama yangu huuliza ni fundi gani huyu anayeogopa grisi. Siogopi grisi. Grisi ni safi. Imetoka kiwandani, ina rangi moja, na hakuna kitu kilichofia ndani yake. Ninachokiogopa ni uchafu nisiojua umetoka wapi, na kabla ya mvua za vuli zilizopita niliufungua uchafu wa namna hiyo kwa mikono yangu mwenyewe, ndani ya trekta la mjomba wangu. Harufu yake naweza kuisikia hata sasa nikiandika. Lakini siandiki kwa sababu ya harufu. Naandika kwa sababu nilidhani kitu cha kutia kinyaa kilikuwa ndani ya trekta peke yake.

Mjomba anaishi Nyaishozi. Ana kibanja cha migomba na kahawa kama watu wengine wa huko, lakini trekta halihusiki na kibanja, maana halipiti kati ya migomba. Trekta ni la rweya, ile nyika ya majani iliyo wazi nje ya vibanja, ambako watu hulima maharage na mahindi. Ni jekundu, au lilikuwa jekundu, na lina umri mkubwa kuliko mimi. Kila vuli ikikaribia majirani hupanga foleni wakilisubiri, na anayekosa zamu hushika jembe.

Alinipigia simu nikiwa nyumbani Bugene. Akasema klachi inateleza: injini inanguruma, trekta halitoki.

"Utaweza?" akaniuliza.

Nikasema nitaweza. Sikuwa nimewahi kufungua klachi ya trekta hata moja. Chuo cha ufundi nimekiona kwa nje tu. Nilianza na pikipiki, nikaenda kwenye mashine za kukoboa kahawa, na mengine yote nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikizisimamisha na kuzirudisha nyuma mpaka chaji inaisha. Watu hawajui hilo kwa sababu nafanya kazi kwa usafi sana, na usafi huwafanya watu wadhani umesoma.

Kabla hajakata simu mjomba akasema, "Na huyu dereva wangu, kama ni yeye aliyeiua hiyo klachi, safari hii namtoa."

Dereva huyo nilimjua tangu nikiwa mtoto. Ameliendesha trekta lile tangu siku lilipofika. Hajawahi kuwa na kazi nyingine, na shamba lake ni kipande kidogo nyuma ya nyumba. Nje ya trekta ni mzee mwembamba ambaye hakuna anayempisha njiani. Akiwa juu yake, watu wazima humwita "mheshimiwa" na humwomba awapitishie jembe la trekta mashambani mwao kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote, na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa mjomba.

Nakiri kwamba sikumpenda, na sababu yenyewe inaniaibisha. Alikuwa na ukucha mmoja mrefu kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia. Kwa ukucha huo alichota grisi, kwa ukucha huo akachokonoa meno. Alitafuna kahawa kavu mchana kutwa, kama wazee wa kwetu wanavyofanya, lakini maganda aliyatemea popote. Siku ya kwanza nilitandika turubai langu la bluu chini ya banda la mabati, nikapanga spana kwa ukubwa, nikaweka beseni la maji na sabuni pembeni. Akaja, akanipa mkono, akauliza habari za mama, akatema ganda la kahawa katikati ya spana namba kumi na saba na namba kumi na tisa.

"Shikamoo," nilisema, nikitazama lile ganda.

"Marahaba. Umekuja kulitibu au kulioa? Mbona umetandika shuka?"

Ili uione klachi ya trekta lazima ulikate trekta vipande viwili. Sisemi kukata kwa msumeno. Unafungua bolti zinazounganisha injini na gia boksi, unaweka jeki na magogo chini ya kila kipande, unapiga kabari mbele ili injini isilale upande mmoja, kisha unaisukuma nusu ya nyuma taratibu juu ya magurudumu yake mpaka itokee nafasi ya mtu kusimama katikati. Tulitumia magogo ya mkaratusi. Kila bolti niliipiga picha kabla ya kuitoa, nikaiandikia namba, nikaiweka kwenye kopo lake. Dereva alikaa nyuma akishikilia gurudumu, na kila nilipopiga picha alisema, "Mwambie acheke."

Bolti ya mwisho ilipotoka tukasukuma. Vile vipande viwili vikaachana kama upana wa kiganja, na harufu ikatoka.

Nimewahi kunusa panya aliyefia darini. Nimewahi kunusa pipa la pombe lililosahaulika. Hii ilikuwa vyote viwili, na juu yake nywele zilizoungua. Ilinipiga mdomoni kwanza, sio puani, kama vile nimeilamba. Mke wa mjomba alikuwa jikoni, na jiko lenyewe liko mbali, lakini alitoka nje na mwiko mkononi.

"Mmechinja nini huko?"

"Hatujachinja, mama," dereva akajibu. "Tumefufua."

Tulipopanua nafasi niliona ndani. Mahali ambapo panapaswa kuwa pakavu kabisa, penye vumbi jeusi kidogo tu, palikuwa na uji. Uji wa rangi ya kahawia, mzito, wenye povu pembeni, umegandia kwenye kuta za chuma na kuning'inia kama kamasi. Mende walikimbia kila upande kukwepa mwanga. Chini kabisa, pale ulipojikusanya, ulikuwa unatikisika wenyewe, nami nilitazama muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba ni funza.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

Dereva aliinama, akachungulia, wala hakushtuka.

"Omuramba."

Omuramba ni maji matamu ya ndizi mbivu, yale yanayokamuliwa kabla hayajachachuka kuwa pombe. Yananata sana. Ukimwagikiwa mkononi na kuacha yakauke, vidole vinashikana.

"Umeweka omuramba kwenye klachi?"

"Nalinywesha. Kikombe kimoja asubuhi, kwa pale kwenye kitundu cha ubavuni. Linashika mpaka saa nane. Likianza kuteleza tena, kikombe kingine."

"Tangu lini?"

"Misimu miwili." Akaona uso wangu. "Wewe asubuhi hunywi kitu?"

Hesabu yake ya kifundi ilikuwa na akili, hilo siwezi kulikataa. Sili iliyo nyuma ya injini, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, ilikuwa imekufa, oili inavuja juu ya sahani ya klachi, sahani inateleza. Kitu kinachonata kikiingia pale, kinashika kwa muda. Kisha kinapata moto, kinaungua, kinachanganyika na oili, kinachachuka, kinaita wadudu. Na omuramba hukamuliwa kwa miguu, mtu anakanyaga ndizi na majani kwenye mtumbwi wa mti. Mimi nimeunywa tangu utoto bila kuufikiria. Siku ile niliufikiria, nikaona nyayo zile, nikaona na kilichokuwa mbele yangu, na tangu hapo sijaweza kuunywa tena.

"Nilimwambia mjomba wako mara tatu kwamba sili inavuja," dereva akasema kwa sauti ya chini. "Akasema tuvune kwanza. Tukavuna. Akasema tupande kwanza. Sasa usimwambie habari za omuramba, bwana mdogo. Mwambie ni oili tu."

Mjomba alipokuja jioni ile kabla jua halijazama, nilimwambia kabla hajauliza. Nilimwonyesha funza kwa kijiti. Nilisikia raha kumwonyesha, na hiyo raha naikumbuka vizuri. Kuhusu zile mara tatu sikusema lolote.

Mjomba ni mzee wa kanisa na hapigi kelele. Alifunika pua na leso, akamwambia dereva, "Kijana ataliponya. Ukiliharibu tena, ufunguo unauacha mezani."

Asubuhi iliyofuata nilivaa glavu za mpira na kufunga leso puani. Nilikuwa nimejiwekea sheria: hakuna kinachotoka bila kupigwa picha. Kifuniko cha klachi kilitoka nikakipiga picha. Ilibaki sahani yenyewe, lile duara la chuma lenye kitovu katikati, linalobanwa kati ya kifuniko na lile gurudumu zito la injini, flaiwili. Ilikuwa imegandiana na flaiwili. Nikaikwangua kwa bisibisi, nikaivuta. Iliachia kwa sauti ya busu, na ule uji ukanimwagikia mkononi, ukaingia ndani ya glavu, ukateremka ukiwa na uvuguvugu mpaka kwenye kiwiko.

Sikupiga picha. Sikutazama upande upi wa kitovu ulikuwa umetazama wapi. Nilikimbilia kwenye mibuni nikatapika mpaka machozi yakatoka, na niliporudi niliichukua ile sahani kwa ncha ya fimbo, nikaibeba mbali na mwili wangu kama mtu anayebeba nyoka, nikaenda nayo hadi chooni nyuma ya kibanja, nikaitumbukiza shimoni. Nilisikia ikitua.

Huku kwetu hakuna fundi anayefanya hivyo. Kifaa cha zamani unamrudishia mwenye chombo, hata kiwe kimevunjika vipande sita, ili aone umebadilisha kweli na alinganishe na kipya. Hata fundi wa saa hukupa kijiskrubu chako ndani ya karatasi. Mjomba alipouliza, "Ile ya zamani iko wapi?" nilimwambia ilikuwa imesagika. Alinitazama, akasema, "Ungenionyesha hata huo unga wake."

Siku mbili nilikwangua na kuosha. Maji ya moto, sabuni ya unga, petroli, mswaki. Nilibadilisha sili, na ile kazi ya sili hata leo naweza kumwonyesha mtu yeyote. Sahani mpya ilikuja na basi kutoka Bukoba, ndani ya boksi lenye alama za vidole vya watu wengi, na nilipoitoa nikaona hata yenyewe imeguswaguswa. Nikaiosha kwa petroli. Karibu na kitovu kulikuwa na maandishi madogo ya rangi nyeupe, yamefifia upande mmoja, yamekaa kama uchafu. Nikayafuta. Nilisugua mpaka hapakubaki hata herufi. Leo najua maandishi yale hueleza upande upi utazame injini. Siku ile nilijua tu kwamba sahani inang'aa na kwamba nimeridhika.

Nilichonga na kijiti cha kunyooshea, kwa mti wa mbuni, maana ni mgumu na haupindi. Kijiti hicho unakipitisha katikati ya sahani ili ikae sawasawa kabisa unapofunga bolti, la sivyo gia boksi haitaingia ukirudisha. Nilitumia nusu siku kukichonga na kukipiga msasa. Kiliingia bila kucheza hata unywele. Nilikuwa nakiangalia nikijisifu kimoyomoyo pale dereva aliponiambia kutoka nyuma:

"Fundi, umeigeuza."

"Nini?"

"Kitovu. Ule upande mrefu ulikuwa unanitazama mimi huku nyuma. Niliuona kabla hujaanza kutapika."

"Kwenye video hauko hivyo."

"Hiyo video ni ya trekta hili?"

Haikuwa ya trekta lile. Ilikuwa ya trekta dogo la aina nyingine, na yule mtu kwenye video alikuwa akiongea lugha nisiyoijua.

"Matrekta yote ni yale yale," nikasema.

"Haya." Akatema ganda. "Fundi wa simu."

Kulikuwa na njia ya kuhakikisha. Unaibana sahani kidogo, unaizungusha kwa mkono, unasikiliza kama kitovu kinakwaruza bolti za flaiwili. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kunawa mikono. Sikuifanya, kwa sababu kuifanya kungekuwa kukubali kwamba mtu mwenye ukucha ule, mtu aliyelinywesha trekta, anaweza kuwa ameona kitu ambacho mimi sikukiona. Nilikaza bolti zote.

Jumamosi alasiri tuliliunganisha trekta. Mjomba alikuja, mke wake alikuja, na majirani wawili waliokuwa wanasubiri zamu wakaja wakasimama kwenye kivuli cha banda. Dereva alikuwa amevaa shati safi. Alipanda, akawasha, injini ikanguruma vizuri. Akakanyaga klachi, akasukuma gia.

Sauti iliyotoka ni ya chuma kinachotafuna chuma. Akaachia, akakanyaga tena mpaka mwisho, nikauona mguu wake ukitetemeka kwa jinsi alivyokandamiza, akasukuma tena. Gia ikaingia kwa kishindo na trekta likaruka mbele na klachi ikiwa imekanyagwa, likaangusha mgomba wenye mkungu kabla hajalizima.

"Limezoea omuramba hilo!" jirani mmoja akapiga kelele. "Lipe kikombe!"

"Lina kiu!" mwingine akadakia. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua kwenye ile sauti ya kwanza, kama unavyojua umesahau kufunga mlango ukiwa umeshafika mbali. Klachi ilikuwa haiachii, kwa sababu kitovu kilikuwa kimegandamizwa kwenye flaiwili, kwa sababu sahani ilikuwa imegeuzwa, kama nilivyoambiwa.

Mjomba alinyoosha mkono kuelekea juu ya trekta.

"Ufunguo."

"Mzee, klachi haiachii," dereva akasema. "Nimekanyaga mpaka mwisho. Fundi mwenyewe ameona." Akanigeukia.

"Wewe unasemaje?" mjomba akaniuliza.

Nilikuwa nimeshika kitambaa cheupe. Nilikuwa nafuta vidole vilivyokuwa vimeshakuwa safi. Nikasema, "Inategemea aliikanyaga vipi."

Maneno matatu tu, na yote ni ya Kiswahili sanifu. Dereva alinitazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekanyaga kitu na anajaribu kujua ni nini kabla ya kuinua mguu. Kisha akachomoa ufunguo, akaushusha kwenye kiganja cha mjomba, akateremka upande wa pili, ule usiokuwa na watu, akaondoka kwa miguu na shati lake safi.

Jumapili nilienda kanisani na mjomba. Niliimba. Wakati wa chakula akasema amempata dereva kutoka Kyerwa, atafika kesho, na ajabu ni kwamba aliniambia mimi nisijali: "Wewe umefanya kazi yako. Tutaliangalia naye taratibu." Mke wake akaniongezea nyama. Niliitafuna ikawa kama kitambaa mdomoni. Siku ile nilinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka kwenye vifundo na sabuni ikaanza kuuma, na kila niliponusa vidole nilisikia ule uji. Haukuwepo. Nilijua haukuwepo. Nilikuwa najinusa mwenyewe.

Najua mtu mwingine angesema ukweli pale pale mezani. Mimi sikuusema. Nilifikiria kwanza jinsi ya kuficha. Nilipanga kuamka mapema Jumatatu, nilifungue trekta, niigeuze sahani, nilifunge, kisha niseme nilikaza tu bolti moja iliyolegea. Lakini trekta halifunguliwi na mtu mmoja. Lazima mtu ashikilie nusu ya nyuma, na awe mtu anayelijua lile trekta linavyoegemea. Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo kilichonipeleka kwake asubuhi ile si dhamiri peke yake, nami sitadanganya hapa pia. Nilihitaji mikono yake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akilima kile kipande chake kwa jembe. Alikuwa hajashika jembe miaka mingi, na ilionekana: analiinua juu mno, analiangusha upande.

"Shikamoo."

"Marahaba." Hakusimama.

"Sahani niliigeuza," nikasema. "Ulikuwa sahihi. Nilijua Jumamosi pale pale."

Jembe likabaki udongoni. Alinyoosha mgongo taratibu, akanionyesha kiganja chake. Malengelenge mawili, moja limepasuka, maji yanatoka.

"Pale pale?"

"Ndiyo."

"Jana kanisani ulijua?"

"Ndiyo."

"Ukaimba?"

Akanicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake.

"Mimi niliweka omuramba kwenye chuma. Chuma hakina mtoto, hakina mke wa kukiuliza kwa nini umerudi mapema. Wewe umeweka nini kwangu?"

Nilimwambia naomba aje tulifungue kabla yule wa Kyerwa hajafika, tuigeuze, iishe.

"Iishe?" Akachukua jembe. "Nije nikushikie gurudumu wewe uibe mara ya pili? Kamwambie mwenye trekta kwanza. Mwambie na zile mara tatu za sili, maana najua hukumwambia. Ukirudi utanikuta hapa, sina pa kwenda."

Nilitembea kurudi polepole kadiri nilivyoweza bila kusimama. Dereva wa Kyerwa alikuwa ameshafika, amekaa na mjomba barazani, wanakunywa chai. Nilitaka kusubiri amalize kikombe. Nikaona kwamba nikisubiri amalize kikombe nitasubiri amalize na cha pili, na wiki itaisha. Nikasema nikiwa nimesimama kwenye jua, yote, kuanzia shimo la choo. Nilisema na habari za sili.

Mjomba aliweka kikombe chini.

"Siku mbili umekula kwangu na hilo jambo mdomoni?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na nilimwambia mke wangu akuongezee nyama." Alisema hivyo kana kwamba hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, na kusema kweli hata mimi niliona hivyo.

Yule wa Kyerwa alikohoa, akasimama, akapangusa suruali. "Basi mzee, mimi nirudi. Nilidhani nimeitwa kwenye trekta, kumbe nimeitwa kwenye kesi."

Mjomba akanipa ufunguo nimpelekee dereva. Nikaupeleka mbio. Dereva hakuugusa.

"Aliuchukua mbele ya watu. Sasa anautuma na mtoto?" Lakini akaweka jembe ndani, akanifuata hadi bandani, tukafanya kazi bila kuzungumza, ufunguo ukiwa mezani kwa mjomba nilikourudisha.

Tulipofungua palikuwa pakavu na pasafi. Sahani ilipotoka niliiona: kwenye upande mrefu wa kitovu kulikuwa na mikwaruzo inayong'aa, duara zima, pale kilipokuwa kinasaga bolti. Dereva alipitisha ule ukucha wake juu ya mikwaruzo, mmoja mmoja. Sikusogeza mkono wake, wala sikuifuta alipoigusa. Niliigeuza, nikaibana kidogo, nikaizungusha. Haikugusa popote. Nikampisha aizungushe na yeye.

Jumatano asubuhi mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa mashariki. Wale majirani wawili walirudi, na wengine wanne pamoja nao, kwa sababu habari ilikuwa imezunguka. Mjomba alitoka na ufunguo, akauweka juu ya bati la gurudumu la trekta, karibu na dereva lakini sio mkononi mwake. Dereva hakusogea. Mjomba aliangalia mawingu, akaangalia rweya, akauchukua tena ule ufunguo, akamshika dereva mkono na kuuweka kiganjani, penye malengelenge.

"Sili uliniambia," akasema.

"Mara tatu."

"Mara tatu," mjomba akakubali, akaenda kusimama na mke wake.

Dereva alipanda. Akawasha, akakanyaga, akasukuma gia, na hakuna kilichosikika isipokuwa injini. Kitu cha kwanza nilichokifurahia pale si kwamba mzee yule amerudi mahali pake. Nilifurahia kwamba kijiti changu cha mbuni kilikuwa kimenyoosha kila kitu sawasawa. Nilijisikia nikifurahi hivyo, nikaona kinyaa kipya, na bado nikaendelea kufurahi.

Trekta lilitoka bandani na jembe limeinuliwa nyuma. Lilipofika barabarani, mbele ya watu wote, likasimama bila sababu. Dereva alikanyaga klachi, akatoa gia. Akakanyaga, akaingiza. Akatoa tena, akaingiza tena, mara nyingi, taratibu, uso ukitazama mbele, ili kila aliyekuwepo asikilize. Hakuna aliyetania. Aliporidhika kwamba tumesikia, akaachia mguu, akaelekea rweya.